Mti wa Shimba na Dawa ya Saratani: Safari ya Miaka 41



Ramadhan ikiingia, nje ya misikiti yetu biashara nayo huingia. Pembeni ya tende, kofia na ubani utaona makopo ya unga wa majani, chupa za mafuta ya habasoda, na vikaratasi vya fotokopi vinavyosema kuwa dawa hii imethibitishwa na wanasayansi, ina "antioksidanti" nyingi, na inatibu kansa. Muuzaji mwenyewe ni kijana mwenzetu anayetafuta riziki, na pengine anakiamini anachokisema. Mnunuzi mara nyingi ni mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani.

Sasa hilo neno "imethibitishwa" lina maana gani hasa? Badala ya kubishana na watu barazani, hebu tuangalie historia ya mti mmoja ambao kweli ulifungua njia ya dawa ya saratani inayotumika hospitali leo. Tena ni mti wa hapa hapa kwetu Pwani, na wengi wetu hatujawahi hata kuusikia.

KWALE, MWAKA 1972

Ukivuka feri ya Likoni, ukashika barabara ya kusini mpaka Kombani, kisha ukakata kulia kupanda Kwale, utaingia Vilima vya Shimba. Watu wanapajua kwa ndovu na palahala, na pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Ndani ya msitu ule kuna mti mdogo ambao wataalamu wanauita Maytenus buchananii. Si mti wa kutisha. Ungeupita bila kugeuza shingo.

Ili tujue vipi mti huu uliingia katika habari za saratani, lazima twende kwanza Marekani. Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo ilishirikiana na Wizara yao ya Kilimo kuanza kazi kubwa: kukusanya mimea kutoka pande zote za dunia, kuikamua kwa spiriti na dawa nyingine, kisha kuyajaribu yale maji yake juu ya seli za saratani na juu ya panya. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walijaribu vilivyokamuliwa zaidi ya 100,000. Vilivyofika mwisho vikawa dawa ya kuandikiwa mgonjwa vinahesabika kwa vidole. Mashuhuri zaidi ni taxol, iliyotoka kwenye gome la mti wa kaskazini magharibi ya Marekani na kuidhinishwa mwaka 1992. Kumbuka uwiano huo, 100,000 kwa vichache, kila unaposoma kuwa mti fulani "umeonyesha dalili nzuri maabara".

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mmoja wa wakusanyaji, Robert Perdue, alileta sampuli ya mti wa jamii hiyo ya Maytenus kutoka Ethiopia. Maji yake yaliua seli za saratani. Profesa S. Morris Kupchan na wenzake walihangaika miaka mingi kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya mti kinachofanya kazi hiyo, na mwaka 1972 wakatangaza kuwa wamekipata. Wakakiita maytansine.

Tabu ilikuwa kiasi. Kilo moja ya ule mti wa Ethiopia ilitoa takriban sehemu moja ya tano ya miligramu moja. Ni kidogo mno. Ndipo walipogundua kuwa ndugu yake wa Kwale ana zaidi: kama miligramu 1.5 kwa kilo. Basi safari ikageuzwa, wakaja Shimba.

Takwimu inayotajwa mara nyingi katika maandishi ya mazingira ni kuwa zilikusanywa kilo 27,215 za mti huo katika hifadhi ya Shimba. Tani 27 na ushei! Piga hesabu mwenyewe: kilo 27,215 mara miligramu 1.5 ni kama gramu 40. Uzani wa vijiko vitatu vya kulia vya sukari. Waandishi hao wanasema miti yote mikubwa ya aina ile iliyojulikana pale ilimalizwa, na wakusanyaji waliporudi miaka minne baadaye walipata shida, kwa sababu michipuko ilikuwa bado haijashika.

Na walijuaje mti uko wapi? Imeandikwa kuwa walitegemea ujuzi wa Wadigo, wenyeji wa vilima vile, ambao waliuheshimu mti huo na kuutumia kwa maradhi ya uvimbe tangu zamani. Hilo tutalirudia mwisho, maana lina deni ndani yake.

DAWA ILIYOSHINDWA

Maytansine ni sumu, ndugu zangu, na maneno hayo hayana kificho. Ndani ya kila seli kuna nyuzi nyembamba sana ambazo seli huzijenga inapotaka kugawanyika kuwa mbili. Maytansine inazizuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Saratani ni seli zinazogawanyika ovyo bila kusimama, kwa hivyo kitu kama hiki ni silaha. Lakini silaha yenyewe haina macho. Utumbo wetu una seli zinazogawanyika kila siku, na mishipa ya fahamu nayo inazihitaji zile nyuzi kwa kazi yake.

Katika miaka ya 1970 dawa hiyo ilianza kujaribiwa kwa binadamu. Walitibiwa wagonjwa zaidi ya 800 wenye aina zaidi ya 35 za saratani. Maabara ilikuwa imeonyesha nguvu za ajabu, mara 100 hadi 1,000 zaidi ya dawa nyingine zinazofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa wagonjwa, lo! Wachache sana ndio walionufaika. Wengi walitapika, wakaharisha, wakaishiwa nguvu, na wengine wakapata ganzi mikononi na miguuni. Kiasi cha kuua saratani kilikuwa karibu mno na kiasi cha kumdhuru mwenye saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Profesa Kupchan alikuwa ameshafariki mwaka 1976.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu sisi Waislamu tuna urithi katika jambo hili na hatuutumii. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Qanun masharti saba ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Sitayataja yote. Moja ni kuwa dawa iwe safi, isichanganyike na kitu kingine. Jingine ni kuwa ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si kwa mtu mwenye maradhi mawili matatu, ukakosa kujua kipi kimemponya. Jingine ni kuwa matokeo yarudie yale yale kila mara, la sivyo ni bahati tu. Na la mwisho, jaribio lifanywe kwa mwili wa binadamu, kwa sababu kinachotokea kwa simba au farasi si lazima kitokee kwa mtu. Huyu ni mtu wa miaka elfu moja iliyopita! Wale wagonjwa 800 ndio hasa sharti la mwisho la Ibn Sina, na maytansine ililifeli. Kile kikaratasi cha fotokopi kinazungumzia panya na chupa za maabara. Sharti la mwisho hakijaligusa.

ILIVYOFUFUKA

Mambo mawili yaliifufua. La kwanza lilitoka Japani. Mwaka 1977 watafiti wa huko walitangaza kuwa wamepata bakteria anayetengeneza kitu karibu sawa kabisa na maytansine. Maana yake unaweza kumfuga bakteria kwenye pipa, kama mtu anavyochachisha maziwa, na usikate mti hata mmoja. Baadaye, katika miaka ya 2010, watafiti walioichunguza Putterlickia, mti wa Afrika Kusini wa ukoo mmoja na wetu, walikuta dalili kuwa maytansine ya mti ule haitengenezwi na mti peke yake, bali ni kazi ya vijidudu vinavyoishi mizizini mwake. Subhanallah. Watu walikuwa wanakata msitu kumtafuta mpangaji wake.

La pili ndilo lenye akili zaidi. Ikiwa silaha haina macho, ipe macho. Kuna saratani ya matiti ambayo seli zake zimejaa alama moja juu ya ngozi yake, inaitwa HER2. Kati ya kina mama 100 wenye saratani ya matiti, kama 15 hadi 20 wanayo. Tangu mwaka 1998 kulikuwa na dawa, trastuzumab, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa kuitafuta alama hiyo na kuishika. Wanasayansi wakaichukua sumu ya jamii ya maytansine, wakaifunga kwenye mgongo wa kingamwili hiyo. Ikiingia mwilini inazunguka imefungwa, inaitafuta HER2, inamezwa na seli ya saratani, na humo ndani ndimo sumu inapofunguliwa.

Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 991 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa na matibabu ya mwanzo yameshindwa. Nusu ya waliopewa dawa mpya waliishi zaidi ya miezi 30.9. Nusu ya wenzao, waliopewa matibabu yaliyokuwa ya kawaida wakati huo, waliishi zaidi ya miezi 25.1. Mwezi wa Februari 2013 Marekani ikaiidhinisha, nayo huuzwa kwa jina la Kadcyla. Kutoka 1972 mpaka 2013 ni miaka 41.

Tofauti ile ni karibu miezi sita. Muuzaji wa kopo angeona haya kutangaza miezi sita. Yeye hutangaza kupona kabisa, kwa shilingi mia tano. Lakini ile miezi sita imehesabiwa, mtu kwa mtu, na mama aliyeipata ameipata kweli. Pengine ndiyo iliyomwezesha kuona Ramadhan moja zaidi pamoja na wanawe.

NENO "ANTIOKSIDANTI"

Umeona kuwa katika kisa chote hiki sijataja antioksidanti hata mara moja. Sababu ni kuwa maytansine haifanyi kazi hiyo. Watu wameyafunga mambo mawili fundo moja, na ni vizuri tuyafungue.

Mwili unapotumia hewa ya oksijeni kuchoma chakula, hubaki vipande vyenye vurugu vinavyogonga gonga seli na kuziharibu, mfano wa kutu inavyokula bati. Antioksidanti ni kitu chochote kinachovituliza vipande hivyo. Kujaribu jambo hili maabara ni rahisi sana. Kuna kemikali moja, DPPH, yenye rangi ya zambarau iliyokoza. Ukiitia maji ya mmea wenye antioksidanti, zambarau inafifia na kuwa manjano. Basi. Chai ya rangi itaipita mtihani huo, karafuu itaupita kwa kishindo, zabibu, bizari, na majani mengi tu unayoyakanyaga njiani. Kwa hivyo mtu akikwambia mmea wake "umethibitishwa una antioksidanti", amekwambia kuwa maji yalibadilika rangi.

Sasa je, kuvituliza vile vipande kunazuia saratani kwa binadamu? Swali hili liliulizwa kwa ukubwa wake Finland. Wanaume 29,133 wavutaji sigara wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waliingia katika jaribio, na baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe, antioksidanti maarufu wakati huo. Kila mtu alitarajia saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya ambao hawakumeza. Marekani nayo ilikuwa na jaribio lake la watu 18,314, wengi wao wavutaji wa sasa na wa zamani, ambao baadhi yao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Likasimamishwa kabla ya wakati, Januari 1996, kwa kuwa saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28.

Usinielewe vibaya. Kula embe lako, kunywa uji wako, futuru kwa tende. Matunda na mboga hazikumdhuru mtu katika majaribio haya. Kilichowadhuru wale wavutaji ni kidonge chenye kitu kimoja kwa wingi, ambacho kila mtu aliamini ni salama kwa vile asili yake ni mmea.

NA HABASODA JE?

Najua kuna msomaji anasubiri hapa na kidole juu. Habasoda imetajwa katika Hadith sahihi, Bukhari na Muslim wameipokea, na sisi tunaiamini. Hilo halina mjadala. Mjadala ni juu ya kuielewa. Wanavyuoni wakubwa kama al-Khattabi walisema zamani kuwa tamko lile la jumla halina maana kuwa mbegu hii peke yake inaponya kila ugonjwa kwa kila mtu kwa kila namna. Wengine wakaona jumla hiyo inahusu ikitumika pamoja na dawa nyingine, kila moja kwa kipimo chake. Na Mtume (s.a.w.) huyo huyo ndiye aliyewaamrisha watu watafute matibabu.

Upande wa maabara, ndani ya habasoda kuna kitu kinaitwa thymoquinone. Kimeua seli za saratani kwenye vyombo na kimepunguza uvimbe kwa panya, katika tafiti nyingi. Hicho ni kituo kile kile ambacho mti wa Shimba ulikuwa umefika mwaka 1972. Hakuna jaribio kubwa la binadamu lililoonyesha kuwa habasoda inaponya saratani. Mtu anayeila kwa sunna, kwa asali asubuhi, kheri yake. Mtu anayemwambia mama mwenye uvimbe titini aache hospitali anywe mafuta, huyo ameibebesha Hadith mzigo ambao wanavyuoni hawakuibebesha, na siku za yule mama zinakwenda. Uvimbe mdogo hauketi ukisubiri chupa iishe.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi huficha: mgonjwa anakunywa dawa za hospitali na dawa za miti kwa pamoja, na daktari haambiwi, kwa kuogopa kugombezwa. Hata hii dawa yenye asili ya maytansine, pamoja na kufungwa kwake kwa ustadi, ina onyo kali kuhusu ini. Ini hilo hilo ndilo linalochuja maji ya mizizi unayochemsha usiku. Daktari akiona ini limeharibika bila kujua kuna chupa chini ya kitanda, anaweza kuisimamisha dawa iliyokuwa inamsaidia mgonjwa. Bora kugombezwa.

DENI LA WADIGO

Turudi Kwale. Ikiwa ujuzi wa wenyeji ndio uliowaongoza wakusanyaji mpaka chini ya mti, basi wenyeji wale walipata nini? Kinachoelezwa na walioandika juu ya kisa hiki ni kuwa hawakulipwa kwa ujuzi wao wala hawakutajwa. Wakati huo hakukuwa na sheria iliyodai vinginevyo. Mkataba wa kimataifa unaosema kuwa mimea ya nchi ni mali ya nchi, na faida yake igawanywe kwa haki, ulitiwa sahihi mwaka 1992. Kenya ilitunga kanuni zake za ruhusa na mgao mwaka 2006, na Sheria ya Kulinda Ujuzi wa Jadi mwaka 2016.

Nadhani ujuzi ule unastahili heshima bila kuongezewa chumvi. Wazee walijua mti una nguvu, na kweli ulikuwa nazo. Hawakuwa na njia ya kupima miligramu wala ya kuipa sumu macho. Maabara nazo zilikuwa na vipimo vyote lakini hazikujua msitu uanzie wapi. Kila upande ulikuwa na nusu ya jambo, na upande mmoja ndio ulioandikwa.

Leo mtu akitaka kuingia Shimba kuchukua hata mfuko mmoja wa majani kwa utafiti lazima awe na kibali cha serikali na makubaliano na wenyeji kwanza. Miti ile ya kilo 27,215 ilikatwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kanuni hizo, na dawa inayouzwa sasa inaanzia kwenye pipa la bakteria, kwa hivyo hata wakili hodari angepata tabu kulidai deni hilo mahakamani.